Koo la Dohani, Wala Si Bomba la Kuteremkia

Katika orodha ya istilahi za ufundi wa magari iliyosambazwa kwa walimu wa vyuo, ambayo nakala yake niliipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na shaka nayo, kile kipande cha chuma kinachopokea moshi mara tu unapotoka katika tabo, yaani turbo, kimepewa jina la "bomba la kuteremkia". Nami, baada ya kulisoma jina hilo mara tatu nikitarajia kuuona udhuru wake nisiuone, nimeona hapana budi niandike haya, kwani istilahi mbaya ikishaingia darasani ni vigumu kuitoa, na kijana aliyefunzwa jina la upotofu hutoka nalo chuoni, akaenda nalo dukani, akalipa kwalo fedha zake.

Wala yasifichwe yaliyotangulia. Kabla ya orodha hiyo kupigwa chapa niliwapelekea jamaa wa kamati iliyoitunga barua ya kurasa nne, nikiwaeleza jina ninalolipendelea na hoja zake moja baada ya moja. Jawabu sikupata, wala sikuarifiwa kama barua imefika, na katika dibaji yao nimekuta imeandikwa kwamba maoni ya watu wasio wataalamu yaliwekwa kando. Mimi nimeishi na maneno ya Kiswahili tangu nilipotiwa chuoni kwa maalim wangu wa kwanza, na sijui ni utaalamu gani mwingine unaohitajika kwa mtu kujua tofauti baina ya kusukuma na kusukumwa.

Maana kosa la kwanza liko katika bomba lenyewe. Neno hili tulilipokea kwa Wareno, na kwa Wareno bomba ni chombo cha kuvutia na kusukumia maji, mfano wa kile walichokitumia mabaharia kuyatoa maji ya ngama merikebuni. Nasi tulilitwaa kwa maana iyo hiyo, tukasema kupiga bomba, na baadaye, kwa kuwa maji yaliyosukumwa yalipita katika chuma chenye uwazi, jina la kisukumacho likahamia kwa kipitishacho, mpaka leo chuma chochote chenye tundu refu huitwa bomba. Ushahidi wa maana ya kale umebaki katika bomba la sindano la daktari, ambalo hilo lingali likisukuma. Sitaki kumnyang'anya mtu bomba lake: mama anayekinga maji alfajiri na aseme bomba, na amesema sawa. Lakini watu waliokaa kitako kwa kusudi la kuziwekea istilahi mipaka, wakachukua jina la kitu kisukumacho wakakipa kitu kisichosukuma hata unyoya, hao wamefanya haraka.

Na kuteremka je? Kuteremka si sifa ya kipande hiki; ni bahati ya mahali kilipokaa katika baadhi ya gari. Ni kweli kwamba katika Subaru Impreza na Forester zenye injini ya EJ20, ambayo silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, tabo imekaa juu, nyuma ya injini, hata moshi hupanda kwanza kutoka chini ya injini ndipo ukaifikia, kisha ukashuka kwenda chini ya sakafu ya gari. Na kwa kuwa gari za jamii hiyo ndizo zilizompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, vijana wetu wamezipenda mapenzi yasiyo kifani, na huenda waliotunga orodha hawakutazama gari nyingine. Lau wangalitazama trekta moja tu la shambani lenye tabo, wangaliona moshi ukitoka hapo na kupanda wima juu ya boneti mbele ya macho ya dereva. Je, hapo nalo tuliite bomba la kuteremkia ilhali limesimama kama mnara? Waingereza ndio waliokipa kipande hiki jina la kuelekea chini, na jina hilo hilo kwao ni la bomba lishushalo maji ya mvua ukutani mwa nyumba. Kamati yetu imelichukua kosa la jirani, ikalifasiri neno kwa neno, ikaliita kazi.

Yuko ndugu mwingine, ambaye ujuzi wake wa lugha ya pwani siubishi, aliyeuona udhaifu huo akaleta "mlizamu wa moshi", na jina lake limepata wafuasi kwa uzuri wa sauti. Mlizamu ni neno la heshima. Kila aliyelelewa katika nyumba ya mawe Lamu, Mombasa au Unguja amepata kuweka ndoo chini ya mlizamu masika yanapoanza, na Waarabu wa Ghuba mpaka leo hukiita kitu hicho mirzamu, ila sisi ile ra tumeigeuza lamu kwa wepesi wa ulimi. Nalipenda neno hili kuliko ndugu huyo anavyodhani, na kwa sababu nalipenda sitaki liwekwe pasipo pake. Mlizamu hufanya kazi kwa uzito wa maji peke yake, ilhali moshi wa injini ya tabo hautiririki kwa uzito, hutupwa, tena ukiwa umepita katika gurudumu la tabo ukiwa na joto la mamia ya digrii. Na zaidi ya hayo, mlizamu ni mwisho wa safari: maji yakishaufikia yameaga nyumba. Kipande tunachokizungumza ni mwanzo wa safari, maana mbele yake kuna bomba la katikati, kuna sailensa, kuna ncha ya nyuma. Ikiwa ni lazima mlizamu uingie katika gari, na upewe ile ncha ya nyuma, nami nitakuwa wa kwanza kulisifu jambo hilo.

Sasa nije kwenye jina langu, ambalo ni koo la dohani, na nianze na dohani. Asili yake ni dukhani ya Kiarabu, yaani moshi, ambalo ndilo jina la sura ya 44 ya Kurani. Kha ikalainika ikawa ha, kama ilivyolainika katika habari, hatari na heri. Katika kuvuka bahari maana ilihama hatua moja, hata kilichokuwa moshi wenyewe kwa Waarabu kikawa njia ya moshi kwetu: dohani ya meli, dohani ya kiwanda, dohani ya jiko. Na wazee wetu walilitumia tena kwa lile tenga refu jembamba la makuti la kuchukulia machungwa na maembe, kwa kuwa walilitazama umbo, si moshi. Neno moja basi limekusanya mambo yote tunayoyahitaji, urefu, wembamba, uwazi na moshi, na limekaa katika lugha hii kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini. Ekzosi, ambalo sasa limo hata katika kamusi, silichukii, lakini asili yake ni tendo la Kilatini la kuchota maji mpaka kisima kikauke, na moshi haumo ndani yake kabisa. Kwa tabo sina ugomvi. Katika Kilatini neno hilo ni kimbunga, na ni pia ile wachezayo watoto kwa kamba, na sijaona taswira iliyo bora kwa kigurudumu kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Laiti ningaliulizwa wakati Alfred Büchi wa Uswisi alipopewa hataza ya mtambo huo mwaka 1905, ningalisema tuuite pia, lakini tabo limekwisha kupata makazi na wenyewe wamelizoea.

Ama koo sikulitunga mimi. Mwaka uliopita mpwa wangu aliipeleka Forester yake katika gereji moja ya Mombasa, nami nikafuatana naye. Alikuwa amekwisha kununua sailensa kubwa ya nyuma kwa fedha nyingi, akitumai gari litapata nguvu. Ngurumo ilikuja, nguvu haikuja. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda duka la vipuri akaomba bomba la kuteremkia, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa hata kabla ya orodha kupigwa chapa, na muuzaji, ambaye hakuwahi kulisikia jina hilo, akadhani ni lile lililo chini, akampa bomba la katikati, lile lipitalo chini ya sakafu. Duka halikurejesha fedha.

Fundi alifungua bolti, akakitoa kipande kile cha kiwandani, akakilaza juu ya gunia. Mdomo wake ulikuwa bapa, umeng'ata gasketi iliyoungua ukingoni. Ndani masizi makavu, na palipopinda chuma kimegeuka rangi kwa joto, zambarau iliyofifia ikiingia katika rangi ya majani makavu. Fundi akaelekeza taa ndani tukaona kisafisha moshi, vijitundu vyake kama sega la nyuki, na upande mmoja sega limeyeyuka likazibana. Akanigeukia, akajishika kooni kwa vidole viwili vyenye grisi.

"Maalim, hapa ndipo kwenye koo la gari. Mtu amekabwa hapa, wewe unamlegezea kanzu kwa nyuma?"

Mpwa wangu akanitazama. "Mjomba, mbona hakuna aliyenambia hivi tangu mwanzo?"

Sikuwa na la kumjibu mbele ya watu, lakini nilipofika nyumbani niliandika ile barua ya kurasa nne. Maana istilahi yenyewe ni ndugu wa suluhu na wa maslahi, zote zimetoka katika shina moja la Kiarabu, na haiwi istilahi mpaka wenye kazi wamepatana juu yake. Na kamati iliyofungiana chumbani bila ya kumuuliza hata fundi mmoja imepatana na nani?

Nimeambiwa, kwa kinywa cha mtu wa tatu, kwamba koo limekataliwa kwa kuwa lina maana nyingi. Hoja hiyo haisimami. Koo za watu ni wingi wa ukoo, na upatanisho wake wa kisarufi unazitenga mbali: koo zao, koo zile, la dohani ni koo lake, makoo yake. Liko pia koo la kuku atagaye, lakini sijamwona bado mtu aliyeingia duka la vipuri akaogopa kuuziwa kuku. Na kuvipa vitu majina ya viungo vya mwili ndiyo desturi ya lugha hii tangu kale. Tuna mdomo wa birika, shingo ya chupa, mkono wa kanzu, jicho la maji, na hakuna aliyepata kupotea njia kwa ajili ya majina hayo.

Tena koo linaeleza kazi, ambalo ndilo jambo kubwa. Tabo huzungushwa na tofauti ya msukumo baina ya mbele yake na nyuma yake. Kadiri nyuma yake palivyo wazi ndivyo inavyoamka mapema, na wale wasemao kwamba injini lazima iachiwe kizuizi kidogo nyuma wamelichukua neno la injini zisizo na tabo wakaliweka pasipo pake. Kijana aliyefunzwa koo atajua bila ya kuambiwa kwamba hapo ndipo pa kuanzia, si mkiani. Aliyefunzwa bomba la kuteremkia atajua tu kwamba kuna kitu kinashuka.

Kuhusu kuchagua koo lenyewe, maneno ni machache. Kwa injini ya lita 2 mafundi wengi huweka koo la inchi 3, ambalo eneo la tundu lake linalizidi la inchi 2.5 kwa asilimia 44. Anayekaa karibu na bahari anunue la chuma cha namba 304, chenye kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwani cha namba 409, ambacho kromiamu yake ni karibu asilimia 11 tu, hushikwa na kutu ya juujuu upesi katika hewa ya chumvi. Achague lililo na kisafisha moshi chepesi ndani yake, asiliache tupu, kwa kuwa majirani nao wana mapafu. Na asiendeshe gari kwa mbio kabla kompyuta ya injini haijapangwa upya, maana koo likifunguka, kile kilango cha pembeni kinachoiepusha tabo na moshi uliozidi huenda kikashindwa kazi, msukumo ukapanda wenyewe, na injini ikaanza kugonga.

Forester ya mpwa wangu ilitengenezwa siku mbili. Nilipomwomba fundi aniandikie risiti aliandika kwa kalamu ya mate, bila ya kunitazama: koo la dohani, inchi 3, moja, gasketi, mbili. Risiti hiyo nimeipiga picha nikaifunga pamoja na barua yangu ya pili kwa kamati, na safari hii nimeipeleka kwa rejista.