Viungo vinavyopinda kupita kiasi: jipime, kisha uvilinde

Tangu utotoni kidole gumba changu hulala juu ya kigasha bila maumivu, na magoti hurudi nyuma nikisimama. Wenzangu huko Pwani walisema sina mifupa. Nilipohamia Raila, Kibera, na kuanza kubeba mitungi ya maji ya lita 20 kwenye vichochoro vya miteremko, vifundo vya miguu vilianza kuteguka mara kwa mara na mabega kuuma. Daktari aliyenipima alinieleza kuwa wepesi wa kupinda na maumivu huenda ni vya asili moja. Naandika kwa kuwa najua siko peke yangu.

Chanzo

Mifupa hushikanishwa na kano, na uimara wa kano hutokana na protini iitwayo kolajeni. Kwa baadhi ya watu kano hizo ni laini, hivyo kiungo hupita mpaka wake. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Wengi hawapati shida yoyote, na wanasarakasi hata hufaidika nayo. Wengine hupata maumivu, kuteguka na uchovu, kwa sababu misuli hulazimika kufanya kazi ya kano.

Kipimo cha alama 9

Kipimo kinachotumika duniani kina mizizi Afrika. Mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watswana 1,081 nchini Afrika Kusini. Waliona kuwa viungo vya wanawake hupinda zaidi kuliko vya wanaume, na kwamba wepesi huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Jipime bila kulazimisha:

- Kidole cha mwisho kinarudi nyuma kupita nyuzi 90: alama 1 kila mkono.
- Kidole gumba kinagusa kigasha: alama 1 kila mkono.
- Kiwiko kinarudi nyuma kupita nyuzi 10: alama 1 kila upande.
- Goti linarudi nyuma kupita nyuzi 10: alama 1 kila upande.
- Unainama, magoti yamenyooka, na viganja vinalala sakafuni: alama 1.

Kwa mtu mzima hadi miaka 50, alama 5 au zaidi huonyesha viungo vinavyopinda kupita kiasi. Aliyepita 50 huhesabiwa kwa 4, na mtoto ambaye hajabalehe kwa 6. Alama peke yake si ugonjwa.

La kufanya

Acha kujipinda ili kuwafurahisha watu. Usikubali mchuaji avute au kuukunja kwa nguvu mkono ulioteguka. Gawanya mzigo: vidumu viwili vya lita 10, kimoja kila mkono, ni afadhali kuliko mtungi mmoja upande mmoja. Vaa viatu vinavyoshika kifundo badala ya ndara. Dawa kubwa ni mazoezi ya kuimarisha misuli, polepole, kwa mwongozo wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nenda hospitali haraka kiungo kikitoka mahali pake. Mweleze daktari pia kama ngozi yako huvutika sana, unavilia damu kwa urahisi, au nyumbani kwenu kuna aliyepata ugonjwa wa moyo au kufa ghafla akiwa kijana. Dalili hizo huweza kuashiria magonjwa ya kurithi kama Ehlers-Danlos au Marfan, yanayohitaji uchunguzi zaidi.

Na mzazi, mtoto anayelalamika magoti kila jioni usimwite mvivu. Mpime kwanza.