Kosa la milibari 145

Aprili 1917, katika mapigano ya Champagne, Ufaransa, kitabu kilipotea. Kilikuwa bado hakijachapishwa, karatasi tu zilizojaa hesabu, mali ya dereva mmoja wa ambulensi. Miezi ikapita. Zilipopatikana, zilikuwa Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Jamaa huyo aliitwa Lewis Fry Richardson, Mwingereza wa dhehebu la Quaker. Imani yake haikumruhusu kushika bunduki, kwa hivyo alienda vitani kubeba majeruhi. Akipata nafasi, aliketi juu ya nyasi kavu kwenye baridi, akapiga hesabu. Swali lake lilikuwa moja: je, hali ya hewa ya kesho inaweza kupigiwa hesabu, jinsi tunavyopiga hesabu ya kupatwa kwa jua?

Siku hizo mtabiri alitazama ramani ya leo, akatafuta ya zamani inayofanana nayo, kisha akasema yaliyotokea wakati ule yatatokea tena. Richardson aliona hiyo haitoshi. Hewa inafuata sheria za fizikia, sawa na jiwe linaloanguka. Basi gawanya anga iwe visanduku. Kwa kila kisanduku andika joto, upepo, unyevu na kanieneo, yaani uzito wa hewa unaotukandamiza. Kisha uliza: kisanduku hiki kikiwa hivi, na majirani zake wakiwa vile, baada ya saa chache kitakuwaje? Rudia. Rudia tena. Programu ya simu inayokuambia ubebe mwavuli leo bado inategemea mchezo huo wa visanduku.

Kwa jaribio lake alichagua siku iliyokuwa imeshapita, 20 Mei 1910, kwa sababu vipimo vyake vilikuwepo. Kupata mabadiliko ya saa sita tu, katika eneo dogo la Ulaya ya kati, kulimchukua wiki sita za kuhesabu kwa mkono. Jibu likatoka: kanieneo ingepanda kwa milibari 145. Siku yenyewe, kanieneo haikubadilika karibu hata kidogo.

Hebu kuwa mkweli. Wewe ungefanya nini? Mimi ningezirudisha zile karatasi kwenye makaa.

Yeye mwaka wa 1922 alichapisha kitabu, na kosa lake akaliweka humo, hatua kwa hatua, kila mtu alione. Akaongeza na ndoto: ukumbi mkubwa wa duara, kuta zimechorwa ramani ya dunia, watu 64,000 wameketi, kila mmoja na hesabu za kipande chake, na katikati msimamizi akiwamulika kwa taa wanaokimbia sana na wanaochelewa. Wakati huo neno kompyuta lilimaanisha mtu, si mashine.

Mashine ilikuja baadaye. Mwaka wa 1950, kundi la Jule Charney na John von Neumann lilitumia kompyuta ya ENIAC kule Marekani. Utabiri wa saa 24 uliwachukua karibu saa 24 kuukamilisha, lakini ulikaribia ukweli. Charney alikuwa amelisoma kosa la Richardson na akajua pa kulikwepa. Miaka mingi baadaye, Peter Lynch wa Ireland alizirudia hesabu za 1910, na kumbe sheria zilikuwa sawa! Shida ilikuwa vipimo vya mwanzo, upepo na kanieneo havikupatana. Lynch alipovisawazisha, jibu likatulia. Asingeweza kufanya hivyo kama Richardson angeficha.

Kutoka utabiri wa kesho, watu wakageukia tabianchi ya miaka mingi. Mwaka wa 1967, Syukuro Manabe na Richard Wetherald walipiga hesabu ya safu moja ya hewa, kutoka ardhini hadi juu. Hewa ya kaboni ikiongezeka maradufu, walisema, huku chini kutaongezeka joto kwa nyuzi 2.3 hivi, na tabaka la juu litapoa. Vipimo vya baadaye vimeonyesha hivyo hivyo: chini kunapata joto, juu kunapoa. Manabe alipewa Nobeli mwaka wa 2021.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kuna jambo linalouma. Modeli nyingi zinasema dunia ikizidi joto, masika ya Afrika Mashariki yataongezeka. Lakini tangu miaka ya 1980, kwa takriban miongo mitatu, masika yalikuwa yakipungua. Wanasayansi wenyewe wanakiita kitendawili. Sehemu ya shida ni visanduku: kisanduku cha kilomita mia moja kinaumeza Mlima Kenya na mabonde yake, kinatoa wastani mmoja. Sehemu nyingine ni vituo vya kupimia, ambavyo kwetu ni vichache mno.

Si mjadala wa maabara tu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, na mfugaji wa Marsabit akahesabu mizoga. Masika ya 2024 yakaja na mafuriko, Mathare nyumba zikabebwa. Serikali ijiandae kwa ukame au kwa maji?

Ni rahisi kusema ati hizo modeli ni kubahatisha. Lakini kitendawili cha mvua yetu hakifuti joto ambalo tayari limepimwa. Na tunajua kosa liko kwa sababu limewekwa mezani, kama lile la 1922.

Asubuhi ya 20 Mei 1910 ilihesabika kwa sababu watu walirusha maputo angani na kuandika namba, bila kujua zingemfaa nani. Je, asubuhi ngapi za Marsabit zimeandikwa hivyo?