Kuganda

Chupa ya mafuta ya nazi ikitoka pwani hufika Voi ikiwa majimaji. Ipandishe hadi Wundanyi, kwenye vilima vya Taita, mwezi wa Julai, na alfajiri utaikuta nyeupe, ngumu, kijiko hakiingii. Hapo mnunuzi hunung'unika: "Haya yamechanganywa." Anayaonea. Damu huganda, maziwa huganda, na mgeni asiyeaga pia tunasema ameganda. Kitenzi hiki hakijawahi kumaanisha udanganyifu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selisiasi, na usiku wa kipupwe vilima hivyo huwa baridi kuliko hapo.

Mwenye shaka aende maabara, akaulizie iodini. Hupimwa ni gramu ngapi za iodini zinanywewa na gramu 100 za mafuta. Ya nazi hunywa kati ya 6 na 11. Ya alizeti hupita 100, ndiyo maana hayagandi hata huko Wundanyi. Aliyetia alizeti nyingi ndani ya nazi huumbuliwa hapo.

Neno la kuogopa si kuganda, ni kuchacha. Hewa, mwanga na joto ndivyo vinavyochachisha mafuta, na joto Voi si la kutafuta. Mkemia hupima peroksidi, dalili ya kuchacha huko, kabla pua haijashtuka. Lakini peroksidi hupanda kisha hushuka, hivyo mafuta yaliyochacha kitambo yaweza kufaulu mtihani huo. Mkemia mjanja huongeza kipimo cha anisidini, kinachonasa uchachu huo wa kitambo.