Akiba ya Uzee

Kila aombaye maisha marefu huomba uzee bila ya kuutaja jina. Uzee una heshima yake, lakini una haja zake pia: mguu hushindwa na ngazi, jicho hushindwa na uzi, na mkono uliolisha wengi huja siku ukataka kulishwa. Swali ambalo kila taifa hulazimika kulijibu ni hili: nani atakayeushika mkono huo, na gharama yake italipwa na nani? Nataka, ewe msomaji kijana, nikuonyeshe jinsi watu wa pwani yetu walivyolijibu swali hili, na jinsi linavyokungoja wewe.

Jawabu la kwanza lilikuwa ukoo. Kabla ya daraja la kwanza la Nyali kufunguliwa mwaka 1931, ng'ambo hii ya Kisauni ilikuwa nchi ya mashamba na vijiji. Mzee aliishi pamoja na watoto na wajukuu wake. Hapakuwa na ada iliyokatwa wala cheti kilichoandikwa. Kulea ndiko kulikokuwa ada, na kulelewa ndiko kulikokuwa malipo. Jawabu la pili lilikuwa wakfu. Mwenye nyumba au shamba la minazi aliweza kulifunga lisiuzwe wala lisirithiwe, mapato yake yakaenda kwa msikiti, kwa jamaa au kwa maskini. Wakfu ulikuwa hazina iliyoendelea kutoa baada ya mtoaji kuzikwa, na mwaka 1951 ulitungiwa sheria ya kuwasimamia makamishina wake.

Lakini asiye na ukoo je? Si mbali na Mkomani umesimama mnara wa kengele wa Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa wazazi, ndugu na vijiji. Ndiyo kusema walikuwa wamenyang'anywa akiba yao ya uzee. Iliwabidi kutafuta ukoo mpya kwa majirani na waumini wenzao. Ukipita Kengeleni, kumbuka kwamba mnara ule si habari ya utumwa tu. Unatufundisha pia kuwa ukoo unaweza kuvunjika, na kwamba ukivunjika hapana budi pawepo kitu kingine cha kumshika mtu.

Katika karne ya 20 ukoo ulinyoshwa na kazi. Bandari na reli ziliwaita watu kutoka mbali, wakapanga vyumba Changamwe na Likoni, na wazazi wao wakabaki bara. Serikali ya Kenya huru ikaanzisha Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii kwa sheria ya mwaka 1965, na mwaka 1966 ukafuata mfuko wa bima ya hospitali, ambao kazi yake imeshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii tangu Oktoba 2024. Bima ni mchango wa wengi ili yule atakayepatwa asianguke peke yake. Ni jambo jema. Walakini mifuko hii ilikusudiwa mwenye mshahara na mwenye ugonjwa. Uzee wenyewe si ugonjwa, na mama auzaye samaki hana mshahara wa kukatwa.

Nimeliona pengo hilo kwa macho yangu hapa Mkomani. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, alianguka akavunjika nyonga. Bima ilisaidia kulipa hospitali. Aliporudi nyumbani alihitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, usiku na mchana, na kwa kazi hiyo hapakuwa na bima. Mwanawe hakuweza kuacha kibarua, kwa kuwa kibarua ndicho kilicholeta unga. Aliyeacha alikuwa mjukuu, msichana wa kidato cha tatu. Alimtunza bibi yake kwa mapenzi yasiyo na lawama, na hakurudi shuleni. Gharama ya uzee ule ililipwa, msomaji. Ililipwa kwa elimu ya mtoto wa rika lako.

Tusiseme kwamba hakuna lililofanyika. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii uliwafungulia mlango wazee wa miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilitangulia Aprili 2016, ikampa kila mzee wa umri huo shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, bila ya kuuliza alifanya kazi gani. Fedha hizi hununua unga na sabuni. Hazitoshi kumwajiri mtunzaji. Ujerumani mwaka 1995 na Japani mwaka 2000 zilianzisha bima ya matunzo yenyewe. Japani mtu huanza kuchangia atimizapo miaka 40. Ujerumani hata familia inayomtunza mzee wake nyumbani hupata fedha za kuisaidia.

Wapo wasemao kuwa bima ya namna hii itawafundisha watoto kuwatupa wazazi. Hofu hiyo ni ya haki, kwa maana hapana fedha inayoweza kununua mapenzi. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: huuona mwepesi asiyeuchukua. Yule msichana hakupungukiwa na mapenzi. Alipungukiwa na msaidizi. Wazee wetu waliofunga wakfu walikuwa na watoto pia, na hawakuona aibu kuweka akiba juu ya mapenzi.

Wewe usomaye haya utakuwa mpiga kura, pengine mtunga sheria, na ukijaliwa, mzee. Jawabu la kizazi chako halijaandikwa bado.