Shavu la Pili: Tusi, Haki na Neema Katika Njia ya Babati

Washairi wa mwambao wana desturi ya kale ya kulipa tusi kwa ubeti. Mwanzoni mwa karne ya 19 Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walirushiana maneno makali huku miji yao ikihasimiana, na hadi leo tungo zao husomwa kwa ladha ya ufundi wake, si kwa uchungu wa jeraha. Mipasho ya taarabu ni mtoto wa ukoo huo huo, ijapokuwa wapo wazee wasiopenda kuusikia udugu huo ukitajwa. Kwa aliyelelewa katika mila ya namna hii, fundisho la Injili kwamba aliyepigwa shavu la kuume ageuze na la pili huonekana kuwa ni amri ya kukaa bila jibu. Bara, katika nchi ya Babati, swali la jibu gani lamfaa aliyetukanwa lina historia ndefu kuliko Ukristo wenyewe.

Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida hukutana hapo, kando ya ziwa lenye viboko na chini ya mlima Kwaraa. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Wenyeji wake ni Wagorowa. Wairaqw waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wambugwe wako upande wa kaskazini, Warangi upande wa Kondoa. Na wapo Wadatoga, hususan Wabarbaig wa Hanang, ambao Waswahili wengi huwaita Wamang'ati bila kufikiri mara mbili. Jina hilo asili yake ni Kimaasai, na maana yake ni maadui. Kabila zima, basi, huitwa kila siku sokoni kwa tusi la jirani, na anayelitamka hajui kwamba anatukana.

Lakini Wabarbaig hao hao wana chombo cha kushughulikia fedheha ambacho watu wa mwambao wangekistaajabia. George Klima, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, alieleza baraza la wanawake linaloketi pale mwanamume anapovunja heshima ya mwanamke. Wanawake hukusanyika, hulisikiliza shauri, humtia mkosaji hatiani na kumtoza faini, aghalabu dume la ng'ombe. Akikaidi, hukabiliwa na laana yao, jambo ambalo wanaume hawalifanyii mzaha. Tusi alilotupiwa mmoja huwa limewapata wote; na aliyedhulumiwa hatakiwi kulimeza peke yake nyumbani.

Wairaqw nao wana slufay, utenzi wa dua ambao mzee huutongoa kwa mafumbo na picha, na hadhira ikamwitikia kipande kwa kipande. Mpenzi wa ushairi akiusikia hatakosa kutambua kwamba yuko mbele ya sanaa kubwa. Dua hiyo hufukuza mabaya na kuita mvua, afya na amani. Nayo, kwa imani ya wazee, haipai ikiwa watu hawana moyo mmoja. Kinyongo kilichofichwa ni hatari kwa mashamba ya kila mtu. Kwa hiyo ugomvi lazima utolewe nje na usemwe.

Wamisionari Wakatoliki waliofika uwanda wa Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na Walutheri waliowafuata, waliwakuta watu hawa. Habari ya shavu la pili ilihubiriwa kwa jamii ambayo tayari ilijua kwamba kimya hakiponyi. Bahati mbaya mahubiri mengi, si ya Babati pekee, yamelisoma neno hilo kwa faida ya mpigaji: mke avumilie, mtumishi avumilie, raia avumilie, naye mkosaji asiulizwe neno.

Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Wafafanuzi kadhaa wameonyesha kuwa kofi la shavu la kuume, likitoka kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, ni kofi la mgongo wa mkono: ndilo la bwana kwa mtumwa, pigo la kudhalilisha kuliko kuumiza. Anayegeuza shavu jingine harudishi pigo wala hakimbii. Anabaki amesimama na utu wake. Yesu mwenyewe, alipopigwa mbele ya kuhani mkuu, hakunyamaza. Alimtaka aliyempiga aonyeshe ubaya uliosemwa, au aseme sababu ya kumpiga. Paulo, baada ya kuchapwa viboko Filipi bila hukumu, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Aliwataka wakubwa waje wamtoe wenyewe. Msomaji Mwislamu naye atakumbuka kwamba sura ya Fussilat huagiza ubaya uondolewe kwa lililo jema zaidi. Kuondoa ubaya ni kazi. Hakufanani na kujifanya haupo.

Kutoka Babati, barabara ya kusini hupita Kondoa na kuingia Dodoma. Huko ndiko alikofika mwaka 1946 mwalimu kijana wa Kiganda cha nchi, si cha kabila, Festo Kivengere wa Rukungiri, mtoto wa uamsho wa kiroho ulioenea Afrika Mashariki. Alifundisha huko kwa zaidi ya miaka 10. Kabla ya hapo, mara tu baada ya kuokoka, alikuwa amepanda baiskeli safari ndefu kwenda kwa Mzungu mmoja aliyemchukia, akamwomba msamaha kwa chuki hiyo. Wapo waliouona huo kuwa unyonge mbele ya mkoloni. Yamkini wamekosea: aliyekwenda alikwenda kwa hiari yake, wala hakusema kwamba ukoloni ni haki.

Mwaka 1977, akiwa askofu wa Kigezi, Kivengere alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe Mera kuingia Rwanda, akiwakimbia askari wa Idi Amin. Huko London, katika kanisa la All Souls, aligundua kwamba moyo wake umeanza kuoza kwa uchungu. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake chenye jina linalosema kwamba anampenda Idi Amin. Ni jina gumu kumezwa na mzazi aliyezika mwanawe, na hapana haja ya kumlaumu aliyekataa kulimeza. Tanzania, kwa upande wake, ilimjibu Amin kwa jeshi baada ya uvamizi wa Kagera mwaka 1978.

Hata hivyo kitabu hicho hakikuzaliwa na kimya. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum. Maaskofu, Kivengere akiwamo, walimwandikia Amin barua, wakazitaja dhuluma moja moja: mauaji, upekuzi, watu waliotoweka. Hawakumtukana. Tarehe 16 waliitwa Kampala, mashtaka yakasomwa mbele ya askari waliopiga kelele za kutaka wauawe. Luwum akabakizwa. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walikaa wakimngoja, mpaka wakaamriwa kuondoka. Kesho yake ikatangazwa kuwa amekufa katika ajali ya gari.

Mwili haukutolewa, ulipelekwa Mucwini, kijijini kwake, ukazikwa huko. Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Serikali haikutaka ibada. Jumapili watu walikuja kwa maelfu, wakatoka kanisani, wakalizunguka lile shimo tupu, wakaimba.