Mlango wa Bweni Ufungukie Wapi?

Kwa miaka mingi bweni salama nchini Kenya lilikuwa bweni lililofungwa. Madirisha yalitiwa nondo, mlango ukapigwa kufuli saa ya kulala, ufunguo ukabaki kwa matroni au mlinzi. Waliohofiwa ni mwizi wa magodoro, mwanamume mwenye nia mbaya, na mwanafunzi anayetaka kuruka ua usiku.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito, Meru, wavulana walivamia bweni walimokimbilia wasichana. Wasichana 19 walikufa, na zaidi ya 70 wakabakwa. Ila wavamizi hao hawakutoka mbali. Asubuhi walikuwa wakiketi darasa moja na waliowavamia.

Kisha ukaja moto. Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu, eneo la Kwale. Mwaka uliofuata, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifungiwa ndani ya chumba chao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Miaka miwili baadaye, usiku wa Machi 2001, petroli ikamwagwa tena, safari hii katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Wavulana 67 walikufa.

Serikali iliunda jopo chini ya Naomi Wangai kuchunguza utovu wa nidhamu na migomo shuleni, na mwaka huohuo viboko vikapigwa marufuku. Bweni lenyewe lilisubiri hadi 2008, Wizara ya Elimu ilipotoa mwongozo wa usalama shuleni. Ukiusoma leo, unaona kila sharti limeandikwa kwa kuangalia majivu. Bweni liwe na mlango kila upande, na mwingine wa dharura katikati. Kila mlango uwe na upana wa futi 5, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2.

Kufungukia nje si jambo dogo. Watoto mia wakiukimbilia kwa pamoja mlango unaovutwa kwa ndani, wa mbele hubanwa na walio nyuma, na hakuna anayeweza kuuvuta. Wanaufunga kwa miili yao wenyewe.

Agizo hilo lilikuwa zuri, lakini utekelezaji ulisuasua. Mwalimu mkuu aliyeng'oa nondo alibaki na swali la wazazi: mwizi akiingia je? Nafasi nayo ilipungua, hasa baada ya 2018, serikali ilipotaka kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari. Pale palipopimwa mita 1.2 pakaingizwa kitanda kingine cha ghorofa. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alikuta bado kuna mabweni ya shule za umma yenye nondo madirishani na milango inayofungukia ndani, miaka 12 baada ya mwongozo kutolewa. Ndani ya miaka hiyo 12, wasichana 10 walikuwa wamekufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017.

Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya Endarasha Hillside, Nyeri, walikufa kwa moto bwenini. Hawa walikuwa wa shule ya msingi. Safari hii wizara haikuishia kwenye mwongozo: kabla ya mwaka kwisha iliamuru mabweni ya shule zaidi ya 300 yafungwe, na wanafunzi wake wakageuzwa wa kutwa.