Makaratasi ya Nkoaranga: Nusu Halle, Nusu Sandukuni

Mtu wa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, akitaka kusoma habari za babu wa babu yake, itambidi ajue Kijerumani, tena si hiki cha vitabuni leo. Atakutana na mwandiko wa zamani wenye herufi zilizochongoka kama meno ya msumeno, mwandiko ambao Wajerumani wengi wa sasa wenyewe unawashinda. Na karatasi hizo haziko Usa River wala Arusha mjini. Ziko Halle, mji wa mashariki mwa Ujerumani, kwenye hifadhi ya Taasisi za Francke, ambako nyaraka za Misheni ya Leipzig zimewekwa tangu 2006.

Misheni hiyo ilianzishwa Dresden mwaka 1836, ikahamia Leipzig, na mwaka 1893 ikaanza kazi Kilimanjaro. Wamisionari wake walikuwa watu wa kuandika. Waliandika ripoti za makao makuu, shajara za vituo, makala za gazeti la misheni na barua za nyumbani. Mmisionari akiwaandikia wakubwa wake huhesabu wanafunzi na kueleza paa la kanisa limefikia wapi. Akimwandikia mama yake husema nani alimletea mkungu wa ndizi, njia imeharibiwaje na masika, na mtoto gani wa shule amekosekana juma zima kwa sababu ya homa. Barua ya aina hii ya pili ndiyo yenye kiini kwa anayetafuta historia ya Umeru, maana humo watu wa mlimani wanaonekana wakiishi maisha yao.

Habari yenyewe ilianza kwa damu. Oktoba 1896 vijana wawili wa misheni hiyo, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wote wenyeji wa nchi za Baltiki zilizokuwa chini ya Urusi, walitoka Kilimanjaro wakapiga kambi Akeri, huko Umeru, wakitafuta mahali pa kujenga kituo. Kapteni Kurt Johannes wa boma la Moshi naye alikuwa karibu na askari wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Arusha na Meru waliivamia kambi, wakawaua wamisionari hao pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Johannes alilipiza kisasi kwa bunduki na kwa msaada wa wapiganaji wa Kichagga. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, mifugo ikaswagwa, wanawake wakachukuliwa mateka. Machi 1900 wakuu kadhaa wa kaskazini walinyongwa Moshi, Mangi Meli miongoni mwao, na wakuu kutoka Arusha na Meru pia.

Kwa Wakristo wa Ujerumani waliokuwa wakisoma magazeti ya misheni, Ovir na Segebrock walikuwa mashahidi wa imani. Kwa watu wa mlimani, wageni wale walikuja wakiwa wameandamana na bunduki za boma, na vita vile vilikuwa vya kulinda nchi. Makaratasi ya upande wa kwanza yapo, yamepangwa, yamepewa namba. Ya upande wa pili hayakuandikwa, kwa sababu mwaka ule hakukuwa na Mmeru wa kuyaandika. Yalibaki midomoni mwa wazee, na wazee hao wamekwisha kuondoka.

Misheni ilirudi mwaka 1902, Arno Krause akiwa mmoja wa waliokuja, na safari hii kituo kikajengwa Nkoaranga. Miaka miwili baadaye kikafuata cha Ilboru, kwa Waarusha. Pamoja na kanisa ilikuja shule, na shule ndiyo iliyogeuza mambo, kwani muda si mrefu Wameru wenyewe walishika kalamu. Mwaka 1920, baada ya vita vya kwanza vya dunia, Waingereza waliwafukuza Wajerumani, na kazi ya sharika nyingi za kaskazini ikawa mabegani mwa walimu Waafrika. Walimu hao waliwaandikia wamisionari waliokuwa wamerudi kwao. Barua za Wakristo wa Kiafrika zilikuwa zikitafsiriwa na kuchapishwa katika magazeti ya misheni, ikawa sauti ya mwalimu wa mlimani inasomwa Leipzig kabla haijasomwa na wajukuu zake.

Ndiyo nusu ya kwanza. Nusu nyingine imo kwenye tranka.

Karibu kila boma la zamani la Umeru lina tranka moja la bati, lile ambalo mtoto alikwenda nalo shule ya bweni kisha likarudi nyumbani kulala uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mna cheti cha ubatizo, stakabadhi za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, karatasi za malipo ya kahawa kutoka chama cha ushirika, picha iliyopigwa studio Arusha siku ya harusi, na barua zilizofungwa pamoja kwa uzi au kamba ya katani. Baadhi ni zile karatasi za buluu za barua za ndege, kutoka kwa kijana aliyekwenda kusoma ng'ambo. Nyingine zilitoka Tanga kwenye mkonge, Nairobi, au kambi ya jeshi. Zilipitia sanduku la posta la usharika au la shule, na mara nyingi mwenye barua aliitwa jina baada ya ibada, mbele ya watu wote.

Barua hizo zina utaratibu wake. Zinaanza na salamu, zinafuata habari za afya ya mwandishi na hofu yake kwa aliye mbali, ndipo linakuja lile neno "madhumuni", na mwishoni salamu tena. Wasomaji wengi wa leo huruka fungu la salamu wakidhani ni maji ya kuongezea mchuzi. Wanakosea sana. Mwandishi akiagiza asalimiwe baba mkubwa fulani na wake zake, mama mdogo aliyeolewa Poli, jirani wa ng'ambo ya mto, na mtoto aliyezaliwa mwaka jana "ambaye sijamwona", amefanya sensa ya boma zima. Barua tano za namna hiyo, zenye tarehe, zinaeleza nani alizaliwa, nani amehama, na nani ameacha kutajwa. Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo, Nassari: koo zinajitokeza humo zikiwa na uhusiano wake wa kuoana na kusaidiana, jambo ambalo daftari la serikali halikujali kuliandika.

Tena mwandiko wa barua si lazima uwe wa mwenye maneno. Bibi asiyejua kusoma alimwita mjukuu wa darasa la nne, akamwambia "mwandikie", akaanza kusema. Mtoto akaandika Kiswahili cha shuleni huku bibi akisema Kimeru. Barua moja ina watu wawili ndani yake, na lugha mbili.

Tukio moja linaonyesha vizuri thamani ya makaratasi ya wananchi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Mpango ulitokana na tume ya ardhi ya Jaji Mark Wilson, iliyotoa ripoti yake mwaka 1947. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka 1896 babu zao walikuwa wamejibu kwa mikuki. Wajukuu walijibu kwa maombi ya maandishi, waliyoyapeleka Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Wananchi walichanga fedha, na Kirilo Japhet, mwana wa Poli, jirani kabisa na Nkoaranga, akasafiri hadi New York. Mwezi Julai 1952 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Desemba mwaka huo azimio la kuwaunga mkono Wameru lilikosa theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Ardhi haikurudi siku ile, lakini kesi ya Wameru ilikuwa imekwisha kuwafundisha Watanganyika kwamba mkoloni anaweza kushitakiwa, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa.

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu kuhusu kesi hiyo. Mwaka huohuo Anton Nelson, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi na Wameru katika ushirika wa kahawa, alitoa chake. Umoja wa Mataifa una kumbukumbu za vikao, na Waingereza wana majalada yao. Lakini mtu akitaka kujua nani alichanga shilingi ngapi, nani aliuza mbuzi, na mke aliyebaki na watoto mvuani alimwandikia nini kaka yake, pa kuanzia ni uvunguni mwa kitanda.

Kuna nchi ambako mtu aliamua kuingia uvunguni huko. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mwanahistoria J. G. de Roulhac Hamilton wa Chuo Kikuu cha North Carolina alizunguka kwa gari akiomba barua na makaratasi ya familia, na mwaka 1930 ukaanzishwa rasmi mkusanyo wa historia ya Kusini pale Chapel Hill. Alikusanya mengi mno hata watu wakambatiza jina la utani lenye maana ya mpekuzi. Familia alizozifuata kwanza zilikuwa za wenye mashamba makubwa, zilizokuwa na watumwa. Ila ndani ya barua za mabwana na daftari zao za mali mlikuwa na majina ya watumwa, na leo vizazi vya watumwa hao vinakwenda kuwatafuta babu zao mle mle. Mtu wa Nkoaranga anayefungua shajara ya mmisionari kule Halle anafanya kazi ileile: anamtafuta mtu wake katika maneno ya mtu mwingine.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuwa na mkusanyaji wa aina hiyo. J. W. T. Allen alitafuta miswada ya Kiswahili na Kiarabu katika nyumba za pwani kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya alichokipata ikachapishwa mwaka 1970. Kazi ile ilifuata tenzi na maandishi ya pwani, na imeokoa hazina kubwa. Bara, kule ambako maandishi ya familia yalikuwa barua za kawaida na stakabadhi za kahawa, nako kunastahili jitihada kama ile.

Serikali haikulala. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya enzi ya Wajerumani, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na sheria ya 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa imeweka utaratibu wa kutunza kumbukumbu za Mwalimu Nyerere na Sheikh Karume. Hilo ni jema. Hata hivyo taifa lina waasisi wengi wa ngazi ya kijiji, na makaratasi yao yanaliwa na mchwa.

Kilomita chache chini ya Nkoaranga, Tengeru, kuna mfano unaogusa moyo wa kile karatasi ya familia inachoweza kufanya. Kuanzia 1942 Waingereza waliweka hapo kambi ya wakimbizi wa Kipoland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kisha wakapitia Iran. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Makaburi yamebaki na yanatunzwa. Watoto na wajukuu wa wakimbizi hao hufika Tengeru kutoka nchi za mbali, wakiwa na picha na maelezo waliyoachiwa na wazee wao, wakionyeshana mlima ule ule uliomo pichani. Karatasi ya familia imewarudisha mahali ambapo wao wenyewe hawajawahi kuishi. Majirani zao wa wakati ule, Wameru waliowauzia ndizi na maziwa, nao wana picha zao mahali fulani.

Picha za Misheni ya Leipzig, zikiwamo za Nkoaranga, sasa zinaonekana katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, na mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuzifungua. Kanisa limo, shule imo, migomba imo, na watu wamesimama wakiitazama kamera. Chini ya picha nyingi mmisionari ametajwa kwa jina. Waliobaki ni "wanafunzi", "wanawake", "Wakristo". Hao si watu wasio na majina. Ni babu na bibi za watu wanaoishi Nkoaranga, Akeri na Poli leo, na sura za koo hazipotei upesi.

Kwa hiyo mwenye tranka nyumbani asingoje mtafiti. Alitoe uvunguni, aliweke juu ya ubao, mbali na unyevu na moshi wa kuni. Barua zisibandikwe kwa utepe wa gundi wala zisipelekwe stationari kufunikwa kwa plastiki ya moto, maana dawa hiyo huua. Kila barua ipigwe picha kwa simu, mbele na nyuma, pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa posta ndio wenye tarehe. Kisha ichukuliwe penseli, si kalamu ya wino, na mwenye tranka akae na mzee mmoja anayewafahamu waliomo pichani, waandike majina yao nyuma ya picha, mmoja baada ya mwingine, kuanzia kushoto.